Zege la njia ya gari limepasuka au limeshuka: kutafuta chanzo na kulirekebisha, Arusha na Moshi

Kabla hujaagiza mfuko wa saruji, chukua nyundo, ndoo ya maji na kadi yako ya benki. Kwa vitu hivyo utajua mengi kuhusu zege lililopasuka mbele ya geti lako kuliko fundi anayelitazama akiwa amesimama na mikono mfukoni. Nyufa zinafanana kwa juu. Sababu zake ndizo zinazotofautiana, na dawa inayofaa ufa mmoja ni hasara tupu kwa mwingine.

Huku kwetu chanzo kikubwa ni maji na udongo. Maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, yanazungumzia barafu inayopanua nyufa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Hayo hayatuhusu. Sisi tuna mteremko unaoshuka kutoka Meru na Kilimanjaro, masika ya Machi hadi Mei inayoshuka nao, na udongo wa majivu ya volkano ambao ukiwa mkavu unaonekana mgumu kabisa, lakini kama haukushindiliwa vizuri, siku ukilowa unakaa chini na kuliacha zege likining'inia hewani. Ukishuka kwenye tambarare, kwa mfano upande wa Moshi ukielekea mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga, ambao wenyewe unavimba masika na kusinyaa kiangazi. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote liwe moja: maji yanaingia wapi, na yanatoka wapi?

Vipimo vya kuanzia

Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8. Ikigoma kuingia kwenye ufa, ufa huo ni mwembamba na peke yake haukupi sababu ya kukosa usingizi. Zikiingia kadi nne zilizobanwa pamoja, ufa una zaidi ya milimita 3 na maji yanapita kwa uhuru.

Nyundo ni kwa ajili ya kusikiliza. Gonga zege taratibu kila baada ya sentimita 30 hivi, ukianzia mahali palipo pazima ili sikio lipate mlio wa kulinganisha. Zege lililokaa juu ya udongo linatoa mlio mfupi, mkavu, na nyundo inarudi mkononi. Ukifika mahali ambapo chini pako wazi, mlio unapanuka na kuwa mzito, na ukiweka kiganja cha mkono wa pili hapo karibu utasikia mtetemo. Chora mpaka wa hilo eneo kwa chaki. Watu wengi wakishamaliza kuchora wanashangaa: ufa una urefu wa mita moja, lakini uwazi ulio chini unafika mita mbili upande mmoja.

Kisha mwaga maji polepole juu ya ufa. Yakituama, chini pamejaa. Yakitoweka ndoo nzima ya lita 20 bila kutokea popote, kuna pango. Yakiibuka kwenye ukingo wa chini wa njia yakiwa na rangi ya udongo, umeiona kwa macho njia ambayo mvua imekuwa ikiitumia kubeba udongo wako nje.

Kipimo cha mwisho kinahitaji subira. Ufa uliotulia unaweza kuzibwa kwa kitu kigumu. Ufa unaotembea ukiuziba kwa kitu kigumu utafunguka tena, pale pale au sentimita chache pembeni. Ili kujua, koroga jipsamu nzito, paka kiraka chembamba kinachokatiza ufa, na uandike tarehe pembeni. Weka pia alama ya penseli mwisho wa ufa kila upande. Jipsamu ikikatika baada ya mvua kadhaa, au ufa ukivuka alama, unatembea. Jipsamu hailipendi maji, kwa hiyo ifunike kwa kipande cha bati au nailoni kilichobanwa na jiwe.

Wakati unasubiri, kagua mabomba. Funga koki zote jioni, soma mita ya maji, isome tena asubuhi kabla mtu hajafungua kitu. Namba ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja ndani ya uwanja wako, na mara nyingi bomba hilo limepita chini ya njia ya gari kwa sababu ndiyo njia fupi ya kutoka getini hadi nyumbani. Mita ikiwa haijasogea lakini karibu na geti kuna unyevu hata kiangazi, uvujaji unaweza kuwa kabla ya mita: toa taarifa kwa mamlaka ya maji, AUWSA kama uko Arusha, MUWSA kama uko Moshi, na usichimbe mwenyewe.

Nyufa nyingi nyembamba, zimesambaa kama utando wa buibui

Hizi zinatisha macho tu. Ziko kwenye milimita chache za juu, na kawaida zilizaliwa siku ile ile ya kumwaga. Fundi alinyunyiza saruji kavu ili akaushe maji yaliyopanda juu, au alirushia maji ili mwiko uteleze, kisha jua la saa sita likapiga. Gari halizijali. Ziache. Kama uso unatoa vumbi ukifagia, kuna dawa za maji za kukazia zege, zenye silikati, zinazopakwa kwa brashi baada ya kusafisha na kukausha. Zaidi ya hapo usitumie pesa.

Ufa mmoja ulionyooka unakatiza njia

Zege likikauka linasinyaa, karibu nusu milimita kwa kila mita. Njia ya mita 12 iliyomwagwa kwa mkupuo mmoja inataka kupungua milimita 5 au 6, na kwa kuwa imeshikwa na ardhi, inakatika. Kama hukuipa mahali pa kukatika, inajichagulia, na mara nyingi inachagua katikati, au inaanzia kwenye kona ya chemba ya maji taka. Ndiyo maana zege la sentimita 10 linahitaji mkato kila baada ya mita 3 au pungufu, na vipande vikaribie umbo la mraba. Mkato uwe na kina cha robo ya unene, yaani milimita 25, na ukatwe mapema, siku ile ile ya kumwaga au kesho yake asubuhi, mara tu zege linapoweza kukatwa bila kokoto kung'oka.

Kama pande mbili za ufa ziko usawa mmoja na nyundo haikukuonyesha uwazi, habari ni nzuri. Ukubali ufa na uugeuze kuwa mkato. Fuata mstari wake kwa grenda yenye diski ya almasi, upanue hadi milimita 8 au 10, kina milimita 20 hivi. Grenda ndogo ya inchi nne na nusu inatosha. Vaa miwani na barakoa ya vumbi, kwani vumbi la zege linaharibu mapafu. Piga brashi ya waya, toa vumbi lote kwa upepo wa kompresa, acha pakauke kabisa. Sukuma kamba ya sponji ndani, kisha ziba kwa silanti ya poliyurethani, ukiacha kina chake kiwe nusu ya upana. Usitumie silikoni ya bafuni, haishiki kwenye zege lenye vumbi. Wala usijaze kwa saruji: zege linaendelea kupanuka na kusinyaa kwa jua la mchana na baridi ya usiku, na saruji haivutiki.

Mafundi wengine watakushauri mkate mikato mingine mipya kwenye zege la zamani. Kwa zege la miaka mingi haisaidii sana. Kusinyaa kwake kwa kukauka kulishaisha.

Upande mmoja umeshuka kuliko mwingine

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Zege halishuki lenyewe, kilichoshuka ni kilichokuwa chini yake. Angalia limeshukia wapi. Likishuka karibu na ukuta wa nyumba, kumbuka kwamba pale palichimbwa msingi, kisha kifusi kikarudishwa na kukanyagwa kwa miguu. Likishuka kwa mstari mwembamba unaokatiza, fuata mstari huo na utakuta mtaro wa bomba au wa waya wa umeme. Likishuka kwenye ukingo wa chini wa mteremko, udongo umebebwa na maji. Na ukiona vichuguu vya fuko pembeni, usidharau. Mashimo yao yanageuka mifereji mvua ikinyesha.

Kuna nyumba moja upande wa Moshono, Arusha, ambayo inaonyesha jambo hili vizuri. Njia ya gari ilikuwa imeshuka kama sentimita 3 kwenye kona moja, na kila mwaka ilikuwa ikijazwa juu kwa saruji na mchanga. Bomba la gata lilikuwa linaishia ukutani, likimwaga maji ya nusu ya paa sentimita chache kutoka ukingo wa zege. Ukitazama kwa juu, hakuna kitu, majani yamejiotea tu. Ukipiga magoti na kuyasogeza, unaona ukingo wa zege umekaa hewani, na mkono unaingia chini yake hadi kwenye kiwiko. Kila milimita 10 za mvua kwenye mita 100 za mraba za paa ni lita 1,000 za maji. Hesabu masika nzima. Hakuna kiraka cha juu ambacho kingeshindana na hilo. Dawa ilikuwa mita chache za bomba la plastiki kupeleka maji kwenye mtaro.

Ndiyo maana nasisitiza: maji kwanza, zege baadaye. Ongeza bomba la gata, tengeneza mtaro upande wa juu wa njia ili maji ya jirani yasikupitie, na hakikisha zege linamwaga maji mbali na nyumba, sentimita 2 kwa kila mita, au angalau sentimita 1. Pima kwa mpira wa maji, ule unaoonesha ndani, kama mafundi wanavyopima msingi. Macho yanadanganya kwenye mteremko.

Ukishadhibiti maji, amua kwa kuangalia tofauti ya kimo na hali ya kipande chenyewe.

Tofauti ikiwa chini ya sentimita 1 na kipande ni kizima, saga ule ukingo uliobaki juu kwa grenda yenye diski ya kikombe cha almasi, uuteremshe taratibu kwa upana wa sentimita 15 au 20 ili tairi na mguu visijikwae. Kisha jaza uwazi ulio chini. Toboa matundu ya milimita 40 ndani ya eneo ulilochora kwa chaki, umbali wa mita moja hivi kati ya tundu na tundu. Koroga saruji moja kwa mchanga laini uliochekechwa mitatu, pamoja na maji hadi mchanganyiko utiririke bila kuchujika. Anza na tundu la chini kabisa, mimina kwa faneli mpaka uone unaibuka tundu la pili, lizibe la kwanza kwa kijiti, endelea kupanda. Kama ukingo uko wazi, uzuie kwanza kwa udongo na mbao.

Elewa hapa kitu kimoja: uji huo unajaza, haunyanyui. Kunyanyua kunahitaji mashine inayosukuma uji huo au povu la poliyurethani kwa shinikizo chini ya zege. Ipo duniani, na inafanya kazi nzuri, lakini kwa kipande kimoja cha nyumbani sioni sababu ya kuitafuta. Na usijaribu kunyanyua kwa jeki ya gari. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400, kwa hiyo kipande cha mita 3 kwa 3 chenye unene wa sentimita 10 kinapita tani 2. Jeki inakibana mahali pamoja, kinapasuka, na kama mtu ameingiza mkono chini kuweka jiwe, ndio basi.

Tofauti ikizidi sentimita 2, au kipande kimekatika mara mbili tatu, shauri langu ni kuvunja kipande hicho na kumwaga upya. Kwetu nguvu ya kibarua na nyundo kubwa bado ni nafuu kuliko dawa za kisasa za kuzibia, na unapata nafasi ya kuona chini kuna nini. Hizo za katikati, kati ya sentimita 1 na 2, unaweza kusaga sehemu na kuishi nazo kama gari ndiyo linapita peke yake. Kama kuna bibi au mtoto anayepita hapo kila siku, tengeneza sawasawa.

"Tupige niru tu, itakaa"

Fundi atakwambia hivi, na hana nia mbaya. Amezoea kuulizwa bei ya chini. Niru ni tabaka jembamba la saruji linalolainishwa juu. "Mama, hapa tunapiga niru, siku moja tumemaliza." Mjibu kwa upole: "Fundi, masika itatoka." Na itatoka kweli. Tabaka la saruji la milimita 5 au 10 juu ya zege la zamani halina nguvu ya kubeba tairi linalokata kona, na ufa wa chini utajichora upya juu yake. Kingo zake zilizochongwa hadi kuisha zinaanza kumenyuka kwanza, maji yanaingia, kisha vipande vinang'oka kwa ukubwa wa sahani.

Kama ni lazima uongeze zege juu ili kusawazisha bonde linalotuamisha maji, fanya kazi inayostahili kuitwa kazi. Zege la chini liwe zima, halina uwazi, halitembei. Kwangua uso wake kwa tindo mpaka kokoto zionekane. Kata ukingo wa kiraka kwa grenda uwe wima, kina cha milimita 25 angalau, usiuache uishe kwa kuchongoka. Osha, uache ulowe usiku mzima, asubuhi kausha madimbwi ili uwe na unyevu bila maji yanayometa. Paka uji mzito wa saruji kwa brashi na umwage kabla haujakauka. Kwa eneo kubwa, tabaka liwe milimita 50 au zaidi, na kila mkato ulioko chini uendelezwe juu mahali pale pale.

Nyufa za kila upande, hasa panapopita tairi

Chimba pembeni mwa njia upime unene. Mara nyingi utakuta sentimita 5 au 6 zilizomwagwa juu ya udongo mtupu, wakati ulilipia 10. Hakuna kuziba hapa. Kila tairi likipita, vipande vinacheza na kusaga udongo wa chini. Vunja eneo lote lililoathirika.

Jiulize pia nini kinaingia kwako. Boza la lita 10,000 linabeba tani 10 za maji peke yake, kabla hujahesabu gari. Kama unanunua maji kwa boza, au unajenga nyuma na malori ya mchanga yanapita, sentimita 10 hazitoshi. Nenda 15, na wavu wa chuma, ule wa BRC, ndani. Au mwombe dereva asimame nje ya geti avute mpira.

Limenyanyuka

Tafuta mti kwanza. Mjakaranda, mkuyu na mfenesi mkubwa ukiwa mita chache tu kutoka njiani, mzizi unatafuta unyevu ulio chini ya zege na kuliinua. Usikate mzizi mnene karibu na shina, kwa sababu mti uliopoteza nanga upande mmoja unaweza kuangukia nyumba siku ya upepo. Ondoa zege sehemu hiyo tu, weka pevingi, yaani matofali ya kupanga, juu ya mchanga, na uwe tayari kuzipanga upya mzizi ukikua.

Kama hakuna mti, na zege linapanda masika na kushuka kiangazi, una udongo wa mbuga. Utautambua: kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia, masika unaganda kwenye viatu mpaka unachoka kutembea. Hapa kuondoa tabaka nene la udongo huo, nusu mita au zaidi, na kurudisha moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa ndiyo njia ya kudumu, na si ya bei ndogo. Kwa maoni yangu, mwenye udongo huo aachane na zege la kumwaga aweke pevingi. Zinacheza na ardhi bila kuvunjika.

Kingo zinabomoka

Gari linakanyaga ukingo ambao pembeni hauna udongo wa kuuegemeza. Kata sehemu mbovu, mwaga ukingo mnene wa sentimita 20 kina na upana, kisha jaza udongo pembeni hadi usawa wa zege na upande majani.

Kumwaga kipande upya

Wakati mzuri ni Juni na Julai, mvua zimekatika na jua halijawa kali. Moshi, mwezi wa Januari na Februari, zege linaweza kupasuka kabla fundi hajamaliza kulainisha, kwa jinsi maji yanavyoruka juu yake. Ukilazimika, anza alfajiri.

Kata mpaka wa kipande kwa grenda kwanza, ndipo uvunje, vinginevyo nyundo itapasua na kipande cha jirani. Chini, ondoa udongo laini wote na mizizi. Mwaga moramu tabaka la sentimita 7 hadi 10, lowesha, shindilia, kisha tabaka jingine, mpaka ufikishe sentimita 15. Unyevu wake uwe hivi: ukiifinya kiganjani inashikana, ukifungua mkono haujalowa. Kompakta ya kukodi inafanya kazi ya siku kwa saa moja, ila kishindilio cha mkono nacho kinafaa kwa kipande kimoja mradi mtu asichoke mapema. Ukikanyaga kwa kisigino na kisigino kikaacha alama, bado.

Ili kipande kipya kisipishane kimo na cha zamani, toboa ukingo wa zege la zamani katikati ya unene, kila sentimita 30, na uingize vipande vya nondo laini ya milimita 12 vyenye urefu wa sentimita 40, nusu ndani, nusu nje. Ile nusu ya nje ipake grisi, ili zege jipya lisinyae bila kuvutwa. Weka nailoni juu ya moramu. Wavu wa chuma ukae juu ya biskuti za zege, vile vipande vidogo vya kuuinulia, theluthi ya juu ya unene. Wavu uliolala chini kwenye nailoni, ukisubiri fundi auvute kwa ndoano wakati wa kumwaga, hausaidii kitu.

Mchanga upime kabla ya lori kushusha. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, weka mchanga hadi theluthi, jaza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa chache. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, mwambie dereva arudi nao.

Kwa njia ya gari tumia saruji ya daraja la 42.5, kipimo cha saruji moja kwa mchanga moja na nusu kwa kokoto tatu. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja wa kilo 50 unaenda na ndoo mbili na nusu za mchanga na ndoo tano za kokoto. Maji lita 25, na pungufu kama mchanga una unyevu. Hapa simama mwenyewe. Saidia fundi atapenda kuongeza maji kwa sababu zege jepesi linasukumika kwa urahisi, na kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu na kuongeza kusinyaa, yaani inakurudishia ufa ule ule uliouvunja. Kipande cha mita 3 kwa 3, unene sentimita 10, kinakula mifuko 7 na kitu, nunua 8. Wanaomwaga wavae buti na glavu, maana saruji mbichi inaunguza ngozi polepole na mtu anagundua jioni.

Sawazisha kwa ubao ulionyooka, subiri maji ya juu yapotee yenyewe, lainisha mara moja, kisha vuta ufagio kukatiza njia ili tairi lishike wakati wa mvua. Usipige niru kwenye mteremko.

Jioni hiyo hiyo, zege likishakuwa gumu kiasi cha kutoachia alama ya kidole, lifunike kwa magunia yaliyolowa au nailoni iliyobanwa pembeni kwa mawe, na liwe na unyevu siku 7 mfululizo. Kumwagia maji asubuhi na jioni huku katikati linakauka jua la mchana hakutoshi. Watu wapite baada ya siku 2. Gari dogo lisubiri siku 7, na kama ni Arusha wakati wa baridi ya Julai, siku 10. Boza na lori la mchanga, siku 28. Siku ya kwanza boza likiingia, simama pembeni utazame ule mkato kati ya zege la zamani na jipya: pande zote mbili zikibaki usawa mmoja tairi likivuka, ziba mkato kwa silanti.